Fundi akisema ndege hairuki, isiruke

Kikima, kule juu ya milima ya Mbooni katika Kaunti ya Makueni, si mahali ambapo mtu wa Pwani hutarajia kuulizwa habari za ndege. Uwanja wa ndege hakuna. Kuna soko, kuna matatu zinazopanda na kushuka kona kutwa nzima, na kuna baridi ya alfajiri inayomfanya mtu wa Mombasa ajute kuacha sweta nyumbani. Nilikwenda huko kuhani msiba kwa rafiki yangu. Jioni, tulipokuwa tumeketi nje, ndege ilipita juu ikielekea upande wa Mombasa, na mzee mmoja aliyekuwa kando yangu akanigeukia.

"Wewe unatoka Mombasa, mwanangu. Hebu niambie, kile chuma kilichoanguka Mukuku kilikuwa cha ndege?"

Nilijua anachokisema. Desemba 30, 2024, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, humu humu Makueni. Upana wake ulikuwa kama mita 2.5, na uzito wake kilo 500 hivi. Bahati njema haikumpata mtu. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika, likakichukua chuma hicho na kueleza kwamba kilikuwa sehemu ya roketi, pete inayotenganisha vipande vya roketi, ambayo kwa kawaida ingepaswa kuungua angani au kuangukia baharini. Nikamweleza mzee hivyo: si ya ndege, ni ya roketi.

Hakuridhika. "Kwa hivyo ndege hazidondoshi kitu?"

Hapo nikakwama, kwa sababu hudondosha. Na tangu nirudi Mombasa swali lile halijanitoka, hasa kwa vile sisi watu wa Pwani tunazitegemea ndege hizo kwa kazi, kwa watalii, kwa wagonjwa na kwa jamaa zetu. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa mzee yule.

Gurudumu la Lodwar

Oktoba 28, 2019, ndege ya shirika la Silverstone aina ya Dash 8 ilipoteza gurudumu moja ilipokuwa ikiruka kutoka Lodwar, Turkana. Gurudumu lilichomoka, ndege ikaendelea kupanda, na rubani akaenda kutua Eldoret. Abiria walishuka salama. Ndege ya aina hiyo ina magurudumu mawili kwenye kila mguu, kwa hivyo lililobaki lilibeba mzigo wa mwenzake. Wiki mbili na ushei kabla ya hapo, Oktoba 11, ndege nyingine ya shirika hilo hilo, Fokker 50 iliyokuwa ikija Pwani, ilikuwa imetoka nje ya njia ya kurukia pale Wilson, Nairobi, na kuishia vichakani.

Novemba mwaka huo Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya, KCAA, ilifanya ukaguzi na kuzisimamisha kwa muda ndege za Dash 8 za shirika hilo.

Msomaji, angalia mpangilio wa mambo. Gurudumu lilianguka kwanza, ukaguzi mkali ukafuata. Sisemi kwamba kabla ya hapo hapakuwa na ukaguzi wowote. Ulikuwepo, kwa sababu sheria inaudai na hakuna ndege inayoruka kihalali bila kusainiwa na fundi mwenye leseni. Ninachouliza ni kwa nini katika nchi yetu ukaguzi tunaousikia ni ule unaokuja baada ya kitu kuanguka.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Sidhani walifikiria ndege, lakini hakuna chombo ambacho methali hiyo inakifaa zaidi.

Mguu hubeba nini

Wengi wetu tukiogopa ndege huogopa injini. Ukweli ni kwamba ndege nyingi za abiria zinaweza kuruka na kutua kwa injini moja. Mguu ni jambo jingine. Ndege ya Dash 8-400, ambayo ndiyo shirika la Jambojet hutumia kutuletea na kutuchukulia abiria Mombasa, Malindi, Lamu na Diani, hutua ikiwa na uzito unaoweza kufika tani 28. Uzito wote huo hufikia ardhini kupitia miguu miwili ya nyuma, kisha ule wa mbele. Tairi zake si kama za probox. Tairi ya gari dogo hujazwa presha ya 30 au 35. Tairi za ndege kubwa za abiria hukaribia 200, na hujazwa gesi ya naitrojeni badala ya hewa ya kawaida ili zisichochee moto breki zinapopata joto.

Ndani ya mguu kuna bomba lenye mafuta na gesi linalofanya kazi ya shokamzoba. Kuna mikono ya haidroliki inayoukunja mguu ndege ikipaa na kuunyoosha ikitaka kutua. Kuna kufuli zinazouzuia usijikunje ndege ikiwa chini. Kuna breki, nyaya, pini na nati, na kila kimoja kina kikomo chake cha kutumika.

Ukaguzi wa vitu hivi una ngazi. Ngazi ya kwanza ni ile unayoiona mwenyewe ukiwa dirishani: rubani au fundi anaizunguka ndege kabla ya safari, anainama, anamulika tochi, anatazama tairi kama imekatika au imelika, kama mafuta yanavuja, kama breki bado ina unene. Ngazi ya pili ni ya kila siku na ya kila baada ya saa kadhaa za kuruka. Ya tatu huingiza ndege karakana kwa siku nyingi. Ya mwisho ni kuung'oa mguu mzima, kuufungua, kuusafisha, kuupima nyufa kwa rangi maalumu, kwa umeme au kwa mawimbi ya sauti, na kubadilisha vilivyochoka.

Kuna jambo moja linaloihusu Pwani moja kwa moja. Mguu hauzeeki kwa saa za kuruka, bali kwa idadi ya kutua. Ndege inayotoka Nairobi kwenda London hukaa angani zaidi ya saa nane kisha hutua mara moja. Ndege inayotoka Nairobi kuja Mombasa haimalizi saa nzima. Tuseme ndege ya safari fupi inatua mara nane kwa siku. Itafikisha mara 10,000 kwa muda wa miaka mitatu na nusu hivi. Ile ya London, hata ikitua mara mbili kila siku bila kupumzika, itachukua zaidi ya miaka 13. Kwa hivyo ndege zinazotuhudumia sisi ndizo zinazochosha miguu yake upesi zaidi. Ongeza chumvi ya bahari inayokula chuma Manda na Malindi kama inavyokula mabati ya nyumba zetu, na ongeza mawe ya viwanja vya murram ambako ndege ndogo za watalii hutua. Ratiba iliyoandikwa kwa nchi ya baridi na lami safi si lazima iitoshe kazi ya huku.

Kutu isiyoonekana

Mfano bora wa ukaguzi wa lazima wa miguu ya ndege ulitokea mbali na kwetu, lakini ni wa ndege ya aina hii hii ya Dash 8-400. Mwaka 2007 shirika la SAS la nchi za Skandinavia lilikuwa na ndege 27 za aina hiyo. Septemba 9, moja ilitua Aalborg, Denmark, na mguu wake wa kulia ukavunjika. Panga la injini lilipiga njia ya ndege, vipande vikapenya hadi ndani ya chumba cha abiria. Siku tatu baadaye, Septemba 12, ndege nyingine ya SAS ilipatwa na mkasa kama huo ikitua Vilnius, Lithuania. Hakuna aliyekufa katika matukio hayo mawili, na hiyo ilikuwa rehema.

Wachunguzi walipoufungua mguu walikuta kutu. Haikuwa mahali ambapo mtu anaweza kumulika tochi. Ilikuwa ndani ya nyuzi za skrubu, pale kichwa cha mkono wa haidroliki kinapofungiwa. Kutu ilikuwa imezila nyuzi hizo polepole hadi siku mkono ulipochomoka.

Hapo ndipo agizo lilipotoka. Ndege zote za aina hiyo zilizokuwa zimetua zaidi ya mara 10,000, takriban 60 duniani, zilitakiwa kukaa chini hadi sehemu ile ikaguliwe. Kwa kuwa ndege hiyo ilitengenezwa Kanada, mamlaka ya Kanada ndiyo iliyotoa agizo, na mamlaka za nchi nyingine zikalifuata. Ndivyo mfumo wa dunia ulivyo: nchi inayotengeneza ndege hutoa agizo la usalama, na nchi ambako ndege imesajiliwa huwajibika kuhakikisha limetekelezwa. Kwa ndege yenye usajili wa Kenya, unaoanza na 5Y, mwenye jukumu hilo ni KCAA.

Oktoba 27 mwaka huo ndege ya tatu ya SAS ikatua Copenhagen mguu ukiwa haujanyooka sawasawa. Safari hii sababu ilikuwa nyingine, mabaki ya mpira yaliyoziba njia ya mafuta. Siku iliyofuata SAS ikatangaza kwamba haitazitumia tena ndege zake zote 27 za aina hiyo. Mashirika mengine yalikagua, yakarekebisha, yakaendelea kuruka, na hadi leo Dash 8-400 ni ndege inayoaminika. Silitaji jambo hili ili kumtia hofu anayepanda ndege ya Lamu kesho asubuhi. Nalitaja kwa sababu wenye mamlaka walizisimamisha ndege kabla hajafa mtu, walisema hadharani kwa nini, na kila abiria aliyejua kusoma gazeti alijua kilichopatikana ndani ya mguu ule.

Mahujaji wa Jeddah

Mfano wa pili ni mchungu, na wengi wa wasomaji wangu wana jamaa waliopita katika uwanja ule ule. Julai 11, 1991, ndege ya DC-8 ya kampuni ya Nationair ya Kanada iliruka kutoka Jeddah ikiwarudisha mahujaji Sokoto, Nigeria. Ilikuwa na watu 261.

Tairi mbili hazikuwa na presha ya kutosha. Na hili ndilo linaloumiza: mafundi walilijua. Walitaka kuzijaza, lakini naitrojeni haikuwa karibu, na kuitafuta kungeichelewesha safari. Msimamizi wa safari hizo, ambaye hakuwa fundi, hakutaka ndege ichelewe. Ikaachiwa hivyo hivyo.

Ndege ilipoanza kukimbia, tairi iliyolegea ilimwachia mwenzake mzigo, mwenzake akapasuka, kisha yenyewe ikafuata. Gurudumu likaacha kuzunguka, likasuguana na lami hadi likashika moto. Marubani hawakuwa na njia ya kujua. Walipopaa wakaukunja mguu kama ilivyo desturi, na kwa kufanya hivyo wakaingiza moto ndani ya tumbo la ndege. Walijaribu kurudi. Ndege ilisambaratika kabla ya kufika kwenye njia ya kutulia, na hakuna aliyenusurika.

Watu 261 kwa sababu ya upepo wa tairi. Lakini tukisema hivyo tutakuwa tumeficha nusu ya ukweli. Upepo ulikuwa umepimwa, na ukaguzi kwa maana ya kuangalia ulikuwa umefanyika. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "hairuki", kisha neno lake likasimama.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani kwamba tukiongeza fomu na mihuri tutakuwa salama. Ukaguzi wa lazima si kuangalia tu. Ni mamlaka ya aliyeangalia kuzuia. Fundi akiona ufa halafu meneja akaweza kumpigia simu na kumwambia abiria wamekaa sana, basi ule ufa umeonwa bure.

Hali yetu

Kenya haikosi sheria. Tuna Sheria ya Usafiri wa Anga ya mwaka 2013, tuna kanuni za ubora wa ndege, na KCAA ina uwezo wa kuizuia ndege isiruke. Februari 2017 Marekani iliipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga, na ndiyo maana safari za moja kwa moja za Nairobi na New York ziliweza kuanza Oktoba 2018. Daraja hilo halitolewi kama zawadi. Na ni haki kukumbuka kwamba barabara zetu huua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, idadi ambayo anga ya Kenya haijaikaribia hata kidogo.

Hata hivyo, Pwani ina kidonda kibichi. Oktoba 28, 2025, ndege ndogo aina ya Cessna Caravan iliyotoka Diani kuelekea Maasai Mara ilianguka Kwale na kuua watu wote 11 waliokuwemo, wengi wao watalii. Sisemi kwamba ajali ile ilihusiana na magurudumu wala na ukaguzi wowote. Hiyo ni kazi ya wachunguzi. Ninachosema ni kwamba baada ya kila ajali raia hubaki na maswali, na njia ya kupata majibu ni nyembamba.

Wanaochunguza ajali za ndege Kenya ni idara iliyo chini ya Wizara ya Uchukuzi. KCAA, ambayo kazi yake huenda ikahitaji kuchunguzwa pia pale ndege inapoanguka, iko chini ya wizara hiyo hiyo. Kanuni za kimataifa zinataka taarifa ya awali itoke ndani ya siku 30 na ripoti kamili, ikiwezekana, ndani ya miezi 12. Zinataka pia wachunguzi wawe huru. Ndugu wawili wanaokula sahani moja wanaweza kuwa waadilifu wote, lakini jirani hatajua kama mmoja alimfichia mwenzake aibu.

Upande wa mashirika nao una hoja zake, na si haki kuziruka. Vipuri hutoka nje na hulipwa kwa dola. Mguu ukifunguliwa karakana, ndege haileti shilingi hata moja. Shirika dogo lenye ndege mbili likiegesha moja limepoteza nusu ya biashara yake, na abiria wake watakwenda kwa mshindani ambaye hakuegesha. Ndiyo maana sheria lazima iwe moja kwa wote. Mkaguzi akimbana mmoja na kumwachia mwingine, anamwadhibu mwaminifu.

Tudai nini

Kwanza, neno la fundi liwe la mwisho. Fundi mwenye leseni akikataa kusaini, pasiwe na meneja, mwenye mali wala mwanasiasa mwenye haraka anayeweza kulipindua, na fundi huyo asipoteze kazi kwa sababu hiyo. Wahandisi wetu vijana wanaosomea kazi hii wafundishwe kukataa kama wanavyofundishwa kufunga nati.

Pili, KCAA iwe inachapisha kwa lugha tunayoielewa ndege zilizosimamishwa, kwa sababu gani, na zilirudishwa lini. Hoteli hukaguliwa na Idara ya Afya, matatu hukaguliwa na NTSA, na abiria anaweza kuiona stika kwenye kioo. Abiria wa ndege anaambiwa aamini tu.

Tatu, wakaguzi wafike Manda, Malindi, Ukunda na viwanja vya murram bila kupiga hodi. Ukaguzi unaotangazwa wiki moja kabla ni maandalizi ya wageni. Kwa ndege za safari fupi za Pwani, hesabu ya kutua na athari ya chumvi ya bahari zipewe uzito wake katika ratiba.

Nne, wachunguzi wa ajali watoke chini ya mwavuli wa wizara, wawe chombo chenye bajeti yake na kinachotoa ripoti zake chenyewe.

Tano ni letu sisi abiria, na hapa sina budi kujitaja.

Nilipoondoka Kikima asubuhi, matatu yetu ilisimama kabla ya kuanza kuteremka. Dereva akashuka, akaizunguka gari, akainama karibu na gurudumu la nyuma, akaligusa, akamwita utingo, wakazungumza. Dakika zikapita kumi, kisha kumi na tano. Ndani ya gari tukaanza kunung'unika. Mama mmoja alisema ana miadi hospitalini. Kijana wa nyuma akasema dereva angeamka mapema. Na mimi, niliyekuwa na basi la kuwahi Mombasa, nikafungua kioo nikamwuliza kwa sauti isiyo na heshima kama tutalala pale.

Dereva hakukasirika. Alisema, "Mzee, hii nati nikiiacha hivi, huko chini kwenye kona hutaniuliza tena swali." Akaendelea na spana yake. Alipomaliza akanawa mikono, akapanda, tukashuka taratibu.

Nilinyamaza hadi tulipofika chini. Siku iliyotangulia nilikuwa nikimweleza mzee wa watu habari za gurudumu la Lodwar, na leo nimekuwa mmoja wa wanaomharakisha fundi. Msimamizi yule wa Jeddah huenda hakuwa mtu mwovu. Alikuwa na ratiba, na watu waliochoka waliokuwa wakitaka kufika nyumbani. Shinikizo linalomfikia fundi chini ya bawa huanza kwetu, pale dirisha la tiketi tunapogonga meza tukidai tumechelewa kwenye mkutano.

Kwa hivyo siku utakapokuwa Moi International au Manda, ukaambiwa ndege imecheleweshwa kwa sababu ya tairi, una haki ya kuuliza maswali. Uliza itachukua muda gani, dai maji na chakula, dai tiketi nyingine kama sheria inavyokuruhusu. Lakini usimwambie mtu yeyote aiachie hivyo hivyo.

Nimempigia rafiki yangu simu, nikamwomba amfikishie mzee jibu langu. Ndege hudondosha vitu, mzee, ingawa ni nadra. Pete ya Mukuku haikuwa na fundi aliyepita kuitazama kabla ya kutufikia. Gurudumu la ndege linaye. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba akisema hapana, wote tunamsikia.